Baridi Hukaa Bondeni: Mwongozo wa Jalidi kwa Mkulima wa Nyanda za Juu Kusini

Kama unalima Umalila, Uporoto, Mufindi, Njombe au Makete, kazi ya kujikinga na jalidi inaanza Mei, mahindi yakiwa bado yanakaukia shambani na hakuna anayewaza barafu. Ukiisubiri hadi Julai, saa kumi na moja alfajiri, majani ya viazi yameshakakamaa na wewe umeshika kiberiti, kilichobaki kufanyika ni kidogo sana. Mambo yanayoamua nani atavuna na nani atapoteza huwa yameshaamuliwa wiki nyingi nyuma: umepanda wapi, umepanda lini, na udongo wako ulikuwa katika hali gani jua lilipozama.

Ninaposema Mbeya na Iringa nazichukua kwa upana wake wa zamani, kabla Njombe haijawa mkoa mwaka 2012 na Songwe mwaka 2016, kwa sababu baridi haifuati mipaka ya mikoa. Inafuata mwinuko na umbo la ardhi. Mji wa Iringa uko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, Mbeya karibu 1,700, Mafinga na Njombe karibu 1,900, na uwanda wa Kitulo unafika 2,600 na kupita. Kwa wastani, kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Ndiyo maana Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa ambalo uso wake uko chini ya mita 500, mtu hulala kwa shuka moja mwezi Juni, wakati Kitulo, umbali usiofika kilomita 60 kwa mstari ulionyooka, kunakucha nyasi zikiwa nyeupe. Ziwa nalo lina mchango wake. Maji mengi kiasi kile, yenye kina kinachozidi mita 700 mahali palipo na kina kikubwa zaidi, hushika joto la mchana na kulitoa taratibu usiku. Kwa hiyo angalia ushauri unautoa wapi. Mkulima wa nyanya wa Ilula na mkulima wa viazi wa Makete wote wanaitwa watu wa nyanda za juu, lakini kalenda ya mmoja itamwangamiza mwenzake.

Msimu wa hatari ni ule ambao Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huuita kipupwe, Juni hadi Agosti. Mamlaka hutoa mwelekeo wake kila mwaka kabla msimu haujaanza, na kanda yetu hutajwa kama Nyanda za Juu Kusini Magharibi. Usikilize au uusome. Lakini usizibane siku zako ndani ya miezi hiyo mitatu. Kwenye maeneo ya juu kabisa jalidi ya kwanza inaweza kushuka mwishoni mwa Mei, mara tu mvua zikishakata na anga likatakata, na ya mwisho ikakukuta mapema Septemba, ukiwa umeshajipa moyo na kuanza kupanda.

Wengi hudhani baridi hii inatokana na urefu wa usiku. Usiku wa Juni huku kwetu unauzidi mchana kwa dakika 50 hivi tu. Kinachofanya kazi ni anga. Ardhi huota jua mchana kutwa, na usiku hulitoa joto hilo kwenda juu. Wakati wa masika mawingu na unyevu wa hewani hurudisha sehemu kubwa ya joto hilo chini. Wakati wa kipupwe hakuna wingu na hewa ni kavu, kwa hiyo joto linapaa na kupotea moja kwa moja. Majani na nyasi hupoa kwanza, kisha hewa inayoyagusa. Upepo ukitulia, hewa hiyo iliyopoa hubaki chini na ile yenye uvuguvugu hukaa juu yake. Katika usiku wa jalidi, juu ya paa la nyumba yako kunaweza kuwa na joto zaidi kuliko kwenye majani ya maharage nje ya mlango.

Kenya wanalijua jambo hili kwa njia nyingine. Januari 2012 jalidi iliunguza chai Kericho na Nandi, karibu kabisa na ikweta, katika mwezi ambao sisi tuko katikati ya mvua. Wao walikuwa kiangazini, na anga lao lilikuwa wazi. Anga wazi, hewa kavu na utulivu wa upepo vikikutana kwenye mwinuko mkubwa, mwezi unaosomeka kwenye kalenda haubadilishi kitu.

Kutokana na hayo utaelewa kwa nini utabiri wa redioni unaweza kukupotosha bila kuwa na kosa. Kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa huwekwa ndani ya kisanduku chenye kivuli, kama mita moja na nusu kutoka ardhini. Viazi vyako haviishi hapo. Usiku mtulivu, uso wa majani unaweza kuwa chini ya kipimo hicho kwa nyuzi 3, 4, hata 5. Ukisikia kuwa Njombe kutakuwa na nyuzi 4, mkulima wa bondeni ahesabu sifuri. Kama unaweza, nunua kipimajoto cha kawaida, kiweke usawa wa majani kikiangalia juu bila kufunikwa, na ukisome kabla jua halijachomoza. Baada ya wiki mbili tatu utajua tofauti kati ya shamba lako na namba za redioni, na tofauti hiyo utaitumia miaka yote.

Kuna ishara za jioni ambazo ni za kuaminika kuliko hisia za mwili. Upepo wa mchana umekata ghafla jua linapozama. Anga ni safi, nyota zinang'aa hadi pembeni kabisa mwa upeo. Midomo inapasuka kwa ukavu wa hewa. Na iliyo bora kuliko zote: moshi wa jikoni haupandi. Unanyooka kidogo, unakata kona, kisha unalala bondeni kwa tabaka moja bapa. Moshi ukilala hivyo ujue hewa ya uvuguvugu iko juu na baridi imeshaanza kujikusanya chini. Ukiona dalili hizo zote kufika saa mbili usiku, fanya ulichojiandaa kufanya. Ukiona mawingu yanaingia au upepo unaendelea kuvuma, lala. Wakulima wa chai wa Mufindi, upande ule wa mteremko unaotazama bonde la Kilombero, wana bahati ya upepo wa kusi unaowaletea ukungu na manyunyu hata katikati ya kipupwe. Ukungu huo unachosha na unatia madereva hatarini, lakini ni kinga. Ukivuka mgongo wa milima kuelekea ndani, kilomita chache tu, anga linafunguka na jalidi inaanza.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo ndilo kiini cha mwongozo huu. Hewa baridi ni nzito, na inateremka mlimani kama maji: inafuata makorongo, inajaa mabondeni, inatuama nyuma ya kila kitu kinachoizuia. Na bondeni ndiko kuliko vinyungu. Wahehe, Wabena na jirani zao wamelima vinyungu kwa vizazi vingi kwa sababu nzuri kabisa. Mvua zikikata, unyevu hubaki kwenye ardhi ya chini. Ukichimba mifereji na kuinua matuta unapata mboga, maharage, viazi na mahindi mabichi ya kuuza wakati wa kiangazi, bei ikiwa juu na magonjwa ya ukungu yakiwa yamepungua. Kinyungu ndicho kinacholipa ada ya shule na kununua mbolea ya msimu unaofuata. Kwa hiyo mahali penye maji ndipo penye jalidi, na majira ya kinyungu ndiyo majira ya jalidi. Anayekuambia uache vinyungu hajui unavyoishi. Unachotakiwa ni kukilima kinyungu ukijua baridi iko wapi.

Anza kwa kukitembelea kinyungu chako alfajiri moja ya Mei au Juni, kabla jua halijagusa bonde, umevaa kaptura au umekunja suruali. Teremka taratibu kutoka juu. Utafika mahali ambapo miguu inaingia kwenye baridi ghafla, hatua mbili tatu tu. Pale ndipo uso wa hewa iliyotuama ulipo. Angalia pia mimea: migomba na magugu laini yaliyoungua mwaka jana huacha alama, na wazee wenye mashamba jirani wanaweza kukuonyesha kwa kidole kona ambayo barafu haikosi. Chini ya mstari huo usiweke kitu laini ambacho kitakuwa na majani au maua kati ya katikati ya Juni na katikati ya Agosti.

Kitu laini ni kipi? Maharage, mahindi, nyanya, maboga na matango huungua joto la jani likifika sifuri au chini yake kidogo tu. Viazi mviringo huvumilia kidogo zaidi, lakini kwenye nyuzi 2 chini ya sifuri majani yamekwisha. Kabichi, karoti, vitunguu swaumu, vitunguu maji na ngano hustahimili baridi kali zaidi ya hapo na hupona. Njegere zina hila: zikiwa na majani tu ni ngumu, zikitoa maua na maganda machanga zinakuwa laini kama maharage. Kwa hiyo sehemu ya chini kabisa ya kinyungu ipe kabichi na vitunguu swaumu, na viazi na maharage uyapandishe kwenye kingo za juu, hata kama itakubidi kubeba maji ndoo kadhaa. Kazi hiyo ya ndoo ni nafuu kuliko kununua mbegu mara mbili.

Kama ni lazima viazi viwe chini, cheza na tarehe. Viazi vingi tunavyolima huchukua kati ya siku 90 na 120. Vilivyopandwa mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi vitakuwa vimekomaa Juni, na jalidi ikiunguza majani ya viazi vilivyokwisha kukomaa hasara yake ni ndogo. Wengine huyakata majani kwa makusudi wakati huo ili ngozi ya kiazi ikaze. Vilivyopandwa mwisho wa Julai au mwanzo wa Agosti vitachomoza baridi ikianza kulegea. Vilivyopandwa Mei ndivyo vinavyokutwa na majani mabichi kabisa katika wiki mbaya kuliko zote. Nimeona Mei ikipendwa kwa sababu udongo bado una unyevu na vibarua wanapatikana. Ni tarehe ya kuiogopa kwa yeyote anayelima chini ya mstari ule. Mbegu na ushauri wa aina zinazofaa mwinuko wako ulizia kituo cha utafiti cha TARI Uyole au kwa afisa ugani wako. Aina zinatofautiana kwa muda wa kukomaa, na wiki mbili za kukomaa mapema zinaweza kuwa ndiyo tofauti yote.

Angalia pia kilicho chini ya shamba. Ua mnene, mstari wa miti au tuta la barabara lililokatiza mteremko chini ya shamba lako huzuia hewa baridi isiendelee kushuka, ikajaa na kurudi juu hadi kwenye mimea yako. Toboa ua huo. Njia ya upana wa mita kadhaa katika sehemu ya chini kabisa inatosha kuitoa baridi. Kinyume chake, miti iliyo juu ya shamba ni rafiki, kwa sababu inaigeuza hewa inayoteremka ipite pembeni. Watu wengi hufanya hili kinyume: wanakata miti ya juu kwa mkaa na kuacha ua wa chini kwa ajili ya kuzuia ng'ombe.

Kuhusu udongo, nitasema jambo litakalowashangaza waliofundishwa, na kwa haki, kutandaza nyasi shambani. Matandazo makavu huzidisha jalidi. Wakati wa mchana huzuia jua lisipashe udongo, na usiku huzuia joto la udongo lisifike kwenye majani. Udongo uliolimwa jana ukaachwa mlegevu na mkavu nao hufanya hivyo hivyo, kwa sababu umejaa hewa. Udongo unaosaidia ni ule ulio wazi, ulioshindiliwa na mvua au maji, wenye unyevu hadi sentimeta 30 hivi kwenda chini. Kwa hiyo palilia mapema, wiki mbili kabla ya baridi kali, uuache udongo utulie. Sogeza matandazo kutoka kwenye mistari ya mimea laini katika wiki za hatari, kisha yarudishe. Mwagilia kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana siku yenye anga safi na hewa kavu, ili jua liupashe udongo uliolowa kabla halijazama. Kwenye kinyungu chenye mifereji kati ya matuta, ruhusu maji yajae mifereji mchana huo. Yatatoa joto lake usiku kucha kando ya mimea.

Vitalu vya miche vinastahili uangalifu wa pekee kwa sababu ni vidogo, na kitu kidogo kinalindika. Jenga kichanja cha fito chenye kimo cha kufika kiunoni, ezeka kwa nyasi, mabua au magunia jua likianza kuzama, na ufunue asubuhi jua likishapasha. Usichelewe hadi saa tatu usiku, joto la udongo likiwa limeshatoka. Kifuniko kining'inie hadi karibu na ardhi pande zote, kwa sababu kinachokinga ni joto la udongo lililobanwa chini yake. Nailoni isiguse majani: jani linaloigusa hupoa sawasawa na nailoni yenyewe na huungua kwanza. Shuka kuukuu au blanketi kuukuu ni bora kuliko nailoni.

Sasa moto. Kila kipupwe kuna watu wanaochoma nyasi mbichi na matairi alfajiri wakiamini moshi utafunika shamba. Moshi hauzuii joto kupaa. Chembe zake ni ndogo mno kwa kazi hiyo, na moshi mzito ukibaki hadi asubuhi huchelewesha jua kuyeyusha barafu. Kinachosaidia ni joto la moto wenyewe, na hapo pia moto mkubwa mmoja ni hasara: hewa yake inapanda kwa nguvu, inapenya tabaka la uvuguvugu na kuvuta baridi kutoka pembeni. Mioto midogo mingi iliyotawanywa ndani ya shamba, isiyo na miali mirefu, inaweza kuongeza nyuzi 1 au 2. Kwa kitalu au robo eka ya nyanya inawezekana. Kwa eka mbili za viazi utamaliza kuni za miezi. Na kumbuka majira: nyasi zilizouawa na jalidi zinakauka kabla ya wakati na kuwa kuni zilizosambaa mlimani. Mkoa wenye Shamba la Miti la Sao Hill na maelfu ya eka za misonobari na mikaratusi ya wananchi hauhitaji moto wa usiku ulioachwa bila mtu. Ukiwasha, usiondoke, na toa taarifa kijijini kabla.

Kunyunyizia maji usiku kunafanya kazi, kwa sharti gumu. Maji yanapoganda hutoa joto, na jani lililofunikwa na barafu inayoendelea kuganda hubaki karibu na sifuri bila kushuka zaidi. Lakini lazima maji yaendelee bila kukatika tangu jani linapokaribia sifuri hadi barafu yote iyeyuke asubuhi. Ukikatisha katikati, maji yanayokauka kwenye jani huchukua joto zaidi ya mara saba ya lile linalotolewa na kiasi hicho hicho kikiganda, na utakuwa umeiunguza mimea kwa mikono yako. Kama pampu yako inategemea umeme unaokatika au lita tano za petroli, usianze. Lile zoezi la kumwagilia kwa kopo alfajiri ili kuosha barafu lina faida pale tu ambapo hewa imeshapanda juu ya sifuri na maji ni mengi. Mapema zaidi ya hapo linaongeza kitu cha kuganda.

Kinga za usiku zina kikomo, na Wabrazili walijifunza hilo kwa gharama kubwa. Julai 1975, katika kipupwe chao kinachokwenda sambamba na chetu, baridi iliangamiza mibuni ya jimbo la Paraná karibu yote, bei ya kahawa ikapanda duniani kote, ikiwemo ya mkulima wa Mbozi. Baada ya hapo kilimo cha kahawa cha nchi ile kilihamia kaskazini zaidi, hasa Minas Gerais. Walibadilisha mahali pa kupanda.

Hili linanileta kwenye maparachichi, ambayo kwa sasa yanapandwa Njombe, Rungwe na Mufindi kwa kasi kubwa. Mti wa miaka miwili ulioungua ni miaka miwili iliyopotea, na mwenye mti hana msimu wa kurudia mwaka huo huo kama mwenye viazi. Usipande mparachichi bondeni, hata kama maji yako bondeni. Panda katikati ya mteremko na uyapandishe maji. Mti wa aina ya Hass uliokomaa unaweza kuvumilia nyuzi 1 au 2 chini ya sifuri kwa muda mfupi, lakini maua na matunda machanga hayavumilii hata hizo. Kwa miche ya mwaka wa kwanza na wa pili, funga shina kwa nyasi kavu au majani makavu ya mgomba hadi juu ya kiungo, pale mche ulipobebeshwa, ukichungulia mchwa kila wiki, na weka kichanja juu yake katika wiki za hatari. Mche ukiungua, angalia machipukizi yanatokea wapi. Yakitoka juu ya kiungo, yatunze. Yakitoka chini ya kiungo hayo si ya Hass, ni ya shina la kienyeji, na ukiyaacha yakue utasubiri miaka ili uvune tunda ambalo mnunuzi hatalichukua.

Ndani ya nyumba baridi ina hatari yake, na hii inaua watu. Usilale na jiko la mkaa chumbani. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haamki ili kuitoroka: anapata usingizi mzito zaidi, kisha anakufa. Mkaa usiotoa moshi tena, ule unaoonekana umetulia na kuwa mwekundu, ndio unaotisha zaidi kwa sababu unaaminika. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Ota moto jikoni au sebuleni milango ikiwa wazi, kisha jiko litoke nje kabisa kabla mtu wa kwanza hajalala. Ukiamka na kichwa kinagonga, kichefuchefu, na wengine ndani ya nyumba wanalalamika vivyo hivyo, toeni kila mtu nje kwanza, kisha muende hospitali. Badala ya jiko, tia maji ya moto kwenye chupa imara, izungushie kitambaa, iweke miguuni. Tandika blanketi chini ya godoro au mkeka, kwa kuwa sakafu ya saruji inavuta joto la mwili kuliko hewa. Mtoto mchanga alale kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, wakiwa wamefunikwa pamoja, kichwa kikiwa na kofia. Masweta na makoti ya mitumba pale soko la Mwanjelwa, Mbeya, yanunuliwe mapema, Aprili, kabla kila mtu hajayatafuta. Pombe haipashi mwili joto. Hulipeleka joto hilo kwa damu hadi karibu na ngozi, ambako linapotea, na mtu aliyelala njiani akiwa amelewa usiku wa Julai huko Makete anaweza asiamke.

Kuhusu mifugo nitasema kwa kifupi. Ndama na vifaranga ndio wanaokufa. Ng'ombe mkubwa aliyeshiba anastahimili. Banda liwe na ukuta upande wa upepo na matandiko makavu yanayobadilishwa, na lile onyo la mkaa linahusu banda la vifaranga pia, pamoja na mtu anayelala humo kuwalinda. Subiri jalidi iyeyuke ndipo ufungulie malishoni. Mtama uliopigwa na jalidi usiulishe ukiwa mbichi, kwa sababu majani yake yaliyoungua na machipukizi yake mapya yanaweza kuwa na sumu ya sianidi.

Asubuhi ya jalidi, jambo la kwanza ni kutofanya kitu kwa haraka. Majani ya viazi yatakuwa yamelowa na kulegea kama yaliyochemshwa, na kufika mchana yatakuwa meusi. Hapo ndipo muuza dawa hupata wateja, kwa sababu wengi hudhani ni ugonjwa wa ukungu wa viazi. Tofautisha hivi: jalidi huunguza eneo zima la chini usiku mmoja, majani ya juu zaidi kuliko ya ndani, na mstari kati ya kilichoungua na kilichopona unaonekana wazi. Ukungu wa viazi huanza na mabaka kwenye mimea michache, hasa siku za unyevunyevu, huwa na utando mweupe chini ya jani, na huenea kwa siku kadhaa. Jalidi haitibiwi na dawa yoyote ya dukani. Fedha hiyo iweke.

Usikimbilie kukata wala kung'oa. Viazi vichanga vilivyoungua majani mara nyingi huchipua tena kutoka ardhini ndani ya wiki mbili, ukivipa maji na mbolea kidogo. Maharage yaliyoungua hadi shina hayarudi. Yang'oe na upande kitu kigumu. Miti ya matunda usiipogoe hadi baridi yote ipite, kwa sababu matawi yaliyokufa huyakinga yaliyo hai, na kupogoa huita machipukizi laini yanayosubiri jalidi inayofuata. Shina lililobaki bila majani lipake chokaa, maana jua la mchana la kipupwe huunguza gamba lisilo na kivuli.

Kabla majani meusi hayajakauka na kupeperuka, chukua vijiti na uvichomeke kwenye ule mstari, kuanzia upande mmoja wa shamba hadi mwingine. Andika tarehe kwenye daftari, na kipimo cha kipimajoto kama unacho. Jalidi ikirudi, sogeza vijiti pale mstari mpya ulipopanda zaidi. Mwishoni mwa Agosti utakuwa na mpaka unaoonekana kwa macho. Panda miti ya kudumu mita kadhaa juu ya mpaka huo, kisha Februari ijayo utakapogawa mbegu, viazi vya mapema na vitunguu swaumu viende chini ya vijiti, maharage na nyanya juu.